Pazia, luku au taa za harusi? Kisa cha kwasari iliyofifia ndani ya miaka kumi

Mhusika mwenyewe

Kwenye uchambuzi wa visa huwa tunaficha majina, na hapa majina ya watafiti wa kisa hiki nimeyaondoa yote, utasikia tu timu ya kwanza, timu ya pili, timu ya tatu. Mhusika mkuu ndo nimeshindwa kumficha, manake jina lake ndo anwani yake angani na ukilifuta hakuna kisa: SDSS J015957.64+003310.5. Tutaiita J0159. Ni kwasari, yaani kitovu cha galaksi kinachong'aa kupita kiasi, nitaeleza zaidi hapo chini. Mwanga wake umetembea kama miaka bilioni 3.5 kufika huku, kwa hiyo hata ikichukia kusemwa, malalamiko yatachelewa sana.

Hizo namba sio mapambo. Za mwanzo zinasema iko wapi upande wa mashariki na magharibi ya anga, na zile za baada ya alama ya kujumlisha zinasema iko nyuzi nusu na kidogo kaskazini ya ikweta ya anga. Maana yake ukiwa Eldoret au Kisangani mwishoni mwa Oktoba, mida ya saa sita saba usiku, hii kitu inapita karibu utosini kabisa. Huwezi kuiona kwa macho na darubini ya kuazima haitakusaidia, lakini inapita. Mi huwa naanza na hilo manake watu wengi wanadhani mambo ya kwasari yako kwenye anga ya wenzetu huko.

Usuli: kwasari ni nini na kwa nini haikutakiwa kuzimika

Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi zito ajabu. La J0159 linakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya Jua letu mara milioni 100, ila kwa ukubwa lingeweza kuingia ndani ya njia ambayo Mshtarii inazungukia Jua. Shimo lenyewe halitoi mwanga. Kinachong'aa ni gesi inayolizunguka kwa kasi kabla haijamezwa, inajipanga kama sahani, inasuguana, inapata moto mkali, na ile sahani inaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Hapo ndo tunasema kwasari. Ya kwanza kutambuliwa kwa umbali wake ni 3C 273, mwaka 1963, pale Maarten Schmidt alipoichambua kwa ile darubini ya mita 5 ya Palomar kule California na akagundua kile kinachofanana na nyota kumbe kiko mbali sana. Kumbuka hiyo Palomar, itarudi.

Sasa ukichukua mwanga wa kwasari ukautawanya rangi kwa rangi kama upinde wa mvua unapata spektra, na ndani ya spektra kuna mistari mirefu inayochomoza. Hii mistari ndo kisa chenyewe kwa hiyo tulia hapa kidogo. Kuna mistari mipana, inatoka kwenye mawingu ya gesi yaliyo jirani na shimo, umbali ambao mwanga unautembea kwa siku au wiki au miezi kadhaa tu, na ni mipana kwa sababu yale mawingu yanakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, mengine yanatujia mengine yanatukimbia, rangi inavutwa huku na huku. Halafu kuna mistari myembamba, hiyo inatoka kwenye gesi ya mbali, mamia hadi maelfu ya miaka nuru kutoka shimo, huko gesi inatembea polepole.

Kwasari zenye mistari yote miwili tunaziita aina ya kwanza. Zenye myembamba tu ni aina ya pili. Na maelezo yaliyotawala kwa miaka mingi ni kwamba hizi aina mbili ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili, kwamba kuna tairi kubwa la vumbi linalozunguka katikati, ukiangalia kupitia tundu la tairi unaona mpaka ndani, ukiangalia kwa ubavu vumbi linakuzibia yale mawingu ya ndani unabaki na ya nje tu. Maelezo mazuri, yanaeleweka, yamefanya kazi kubwa. Lakini yana sharti moja ambalo watu walilisahau kulitilia shaka, kwamba aina ya kitu ni suala la umekaa wapi unapokiangalia, na sisi hatuhami, kwa hiyo kikishakuwa aina ya kwanza kitabaki hivyo hata wajukuu wetu wakikiangalia.

Kwa galaksi ndogo zenye vitovu vyenye mwanga wa wastani ilishajulikana tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba sharti hilo linavunjika mara moja moja. NGC 7603 ilibadilika, Mrk 1018 ikabadilika. Ila kwa kwasari, zile kubwa zenyewe, hapakuwa na hata moja.

Kilichotokea, kwa mpangilio

Mwaka 2000 darubini ya mita 2.5 ya Apache Point kule New Mexico, ile ya mradi wa SDSS unaoorodhesha vitu vya angani, ilichukua spektra ya J0159. Kwasari ya kawaida tu ya aina ya kwanza, mwanga mwingi upande wa bluu, mistari mipana ya haidrojeni imesimama vizuri, ikaandikwa kwenye orodha ikaachwa. Mwaka huohuo, kwa bahati tu, satelaiti ya XMM-Newton ilikuwa inaangalia kipande hicho cha anga kwa eksirei na ikaipata ikiwa inawaka. Hakuna aliyeituma kwa ajili yake.

Kipande hicho cha anga kina jina, kinaitwa Stripe 82, ni ukanda mwembamba uliolala juu ya ikweta ya anga, na SDSS iliupiga picha tena na tena kwa miaka. Kwa hiyo picha za J0159 zilikuwa zinarundikana, mwanga unashuka, unashuka, na hakuna mtu aliyekuwa anaangalia. 2005 satelaiti nyingine ya eksirei, Chandra, nayo ikapita hapo tena kwa bahati, ikaikuta imefifia.

2010, darubini ileile ya Apache Point ikiwa na kifaa kipya cha spektra ikairudia. Safari hii mwanga wa bluu umepungua sana, mstari mpana wa haidrojeni beta umepotea (mistari ya haidrojeni inaitwa kwa herufi, alfa, beta na kuendelea), na ule wa alfa umebaki kidogo tu kama masalia. Mwanga wa kitovu ulikuwa umeshuka mara 6. Kwa lugha ya mafundi ilikuwa imetoka aina ya kwanza ikawa 1.9, yaani imebakiza kijiuzi kidogo cha mstari mpana kabla haijawa ya pili kabisa. Na miaka tisa na kitu ya kwetu, kwa saa ya kule ni kama saba tu, kwa sababu kutanuka kwa anga kunanyoosha hata muda tunaoupokea.

Faili mbili hizo zikakaa. Sio wiki, ni miaka. Timu ya kwanza ilikuwa haitafuti kitu cha namna hii, ilikuwa inapitia vyanzo vya eksirei vya Stripe 82 na kuvioanisha na spektra zilizopo, kazi ya ukarani kwa kweli, na hapo ndo wakakuta kitu kimoja kina spektra mbili ambazo hazifanani. Julai 2014 wakapeleka Palomar, ileile ya 1963, kupata ya tatu. Ikatoka sawa na ya 2010. Mwaka 2015 wakachapisha.

Maamuzi yaliyofanyika na kwa nini

Hapa ndo penye utamu kwa hiyo nitakaa sana.

Fikiria nyumba ya jirani. Jana usiku dirisha lake lilikuwa linawaka, leo giza. Una maelezo matatu. Amevuta pazia, taa iko palepale ila huioni. Au luku imeisha, umeme umekata (Wakenya someni tokeni). Au ile taa ya jana haikuwa taa yake ya kila siku, alikuwa na harusi, alikodi mataa, leo wamekuja kuyachukua. Ukisimama barabarani huwezi kugonga mlango, unaruhusiwa kuangalia tu. Utajuaje?

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoiamini ile data. Naupenda sana huu uamuzi manake ndo watu wanauruka. Kifaa cha spektra cha 2010 sio kile cha 2000, hata waya za mwanga zina upana tofauti, za zamani zilichukua duara la sekunde 3 za nyuzi (hizi ni za kupima pembe angani, sio za saa) na mpya zinachukua 2. Mtu anaweza kusema aa, duara limekuwa dogo ndo maana mwanga umepungua. Lakini fikiri tena, kitovu cha kwasari ni nukta, kinaingia kwenye duara lolote, kinachokatwa na duara dogo ni mwanga wa galaksi ya pembeni. Kama kosa lingekuwa la duara basi galaksi ndo ingepungua na kwasari ingejitokeza zaidi. Wao wameona kinyume chake. Na ndo maana ile ya Palomar ilikuwa ya lazima, darubini nyingine, kifaa kingine, watu wengine, jibu lilelile. Hapo sasa ukaondoa fundi ukabaki na mbingu.

Uamuzi wa pili, kulijaribu pazia kwa haki. Maelezo ya vumbi ndo yalikuwa kitabuni, kwa hiyo usiyatupe kwa kuwa unataka habari kubwa. Wakajaribu njia kadhaa.

Njia ya rangi. Vumbi halipunguzi mwanga sawasawa, linakula bluu zaidi na kuachia nyekundu, kila aliyeona jua la magharibi wakati wa kiangazi anajua. Wakaichukua spektra ya 2000, wakaivisha vumbi kwenye kompyuta, kidogo, zaidi, zaidi tena, waone kama inageuka kuwa ya 2010. Mwanga na mistari havikukubali kukaa pamoja.

Njia ya eksirei. Gesi ikikaa mbele ya eksirei, zile laini zinakufa kwanza na zile ngumu zinapenya, kwa hiyo umbo la eksirei linabadilika hata kabla hujaangalia kiasi. J0159 ilipungua eksirei kwa kiwango kinachokaribiana na mwanga wa kawaida, na hapakuwa na dalili ya kuzibwa. Pazia linaacha alama. Hapa hakuna alama.

Halafu njia ambayo mi naiona tamu kuliko zote, ya muda. Pazia la kuziba sio sahani tu bali na mawingu ya mistari mipana lazima liwe kubwa, na lazima likae nje ya mawingu hayo, na vitu vya nje vinatembea polepole kuliko vya ndani. Ukipiga hesabu ya wingu kubwa namna hiyo kukatiza mbele ya kitu kikubwa namna ile unapata muda mrefu kuliko huo uliopita. Pazia lenyewe lingechelewa kufika.

Kuna na ushahidi mdogo wa upande wa pili ambao ukiuelewa hutousahau. Ule mstari wa haidrojeni alfa uliobaki, wakati unafifia ulikuwa pia unapanuka. Kwa nini ufifie na kupanuka kwa pamoja? Kwa sababu taa ya katikati ikipungua, mawingu ya mbali yanakosa mwanga wa kutosha na yanaacha kung'aa, yanabaki yale ya ndani kabisa, na ya ndani yanakimbia zaidi, mbio zaidi maana yake mstari mpana zaidi. Ni kama jiko la mkaa usiku, likiwa limekolea linamulika hadi ukuta wa uani, likififia unaona sura za waliolizunguka tu. Na wakipima uzito wa shimo kwa data ya 2000 na kwa data ya 2010, makadirio yanaendana. Hilo ni jambo zito, manake kama ingekuwa pazia hakuna sababu ya hesabu hizo mbili kukubaliana.

Kwa hiyo uamuzi wa tatu, luku. Wakasema kitovu chenyewe kimepunguza mwanga, chakula cha shimo kimepungua, miale ya kuamsha yale mawingu imepungua, mistari mipana imekosa wa kuiwasha. Mawingu yapo. Giza tu.

Mtu atauliza basi mbona mistari myembamba haikuzimika. Swali zuri, na jibu lake ni zuri zaidi. Gesi ile iko mamia na maelfu ya miaka nuru kutoka katikati, kwa hiyo habari ya kukata umeme bado haijawafikia. Wao wanaendelea kupokea mwanga ulioondoka zamani, kama shangazi wa kijijini anayeendelea kumsalimia bosi aliyeshafukuzwa kazi. Mistari myembamba ni kumbukumbu ya kwasari, inakwambia taa ilikuwaje karne nyingi zilizopita, na ile mipana inakwambia habari za juzi.

Matokeo, na timu ya pili inaingia

Karatasi ikatoka, ikaitwa kwasari ya kwanza kuonekana ikibadilika sura, na ya mbali kuliko zote za namna hiyo kwa wakati ule. Wiki za mwanzo watu walifurahi. Halafu, mwaka huohuo 2015, timu ya pili ikachukua data ileile, ikaongeza kumbukumbu nyingine za tangu 1990 hadi 2013, za mwanga wa kawaida, urujuanimno, infraredi na eksirei, ikasema jamani hapana, hizi ni taa za harusi.

Hoja yao ni kwamba nyota moja ilikatiza karibu mno na shimo, ikararuliwa, mabaki yake yakawaka kwa fujo na yakaanza kufifia. Wakati mabaki ya nyota yanarudi shimoni yanarudi kwa kiwango kinachoshuka kwa mtindo unaojulikana, mwanzo kwa kasi halafu taratibu, na mwanga wa J0159 baada ya kilele cha 2000 ulikuwa unashuka kwa namna inayofanana na hiyo. Kwa maelezo hayo hatukuona kwasari ikizimika, tuliona moto wa muda tukauita kwasari kwa sababu tulipita barabarani usiku wa harusi.

Kama ni wewe ungemkubalia nani? Mi kwa muda nilivutwa na timu ya pili, hadi nikakaa na ile mistari myembamba. Ni mizuri, iko imara, na tumeshasema inatoka mbali na inakumbuka. Moto wa nyota moja wa miaka michache hauwezi kuwa umeshawasha gesi iliyo maelfu ya miaka nuru mbali, mwanga haujafika. Kwa hiyo hata kama kulikuwa na harusi, nyumba hii ilikuwa na umeme wake kabla ya hapo. Timu ya pili hawakuwa wajinga, hilo wanalijua, na nyota inaweza kabisa kuanguka kwenye shimo ambalo tayari lina sahani. Kingine kinachoipa hoja yao ugumu ni uzito, manake shimo likizidi uzito wa Jua mara milioni 100 hivi, linaanza kuzimeza nyota za aina ya Jua nzimanzima bila kuzirarua nje ambako tungeona, na J0159 iko palepale kwenye mpaka huo.

Walichokubaliana wote wawili, na watu hawalisemi vya kutosha, ni kwamba pazia limekufa. Kwenye kisa chenye majibu matatu kuondoa moja kwa uhakika ni kazi kubwa, hasa likiwa ndo lile la kitabuni.

Timu ya tatu na tatizo la jirani mmoja

Nyumba moja iliyozimika ni umbea. Timu ya tatu ikaamua kupita mtaa mzima. Wakachukua kumbukumbu za SDSS na za darubini ya Pan-STARRS1, wakachuja vitu 1011 vilivyobadilika mwanga sana na vyenye zaidi ya spektra moja, wakaangalia kimoja kimoja. 2016 wakatoa mifano 10. Mitano mistari mipana ilikuwa inapotea, minne ilikuwa inajitokeza, na mmoja haueleweki, kama unafanya yote mawili.

Hiyo minne ya kujitokeza ndo ilinibadilisha. Kama mambo yote yangekuwa harusi tungetarajia kuona kufifia kwingi baada ya kilele, ila ukiona na za kuwaka, mtaa huu una mgao. Wao wakakadiria kwamba kati ya kwasari angavu zinazobadilika mwanga kwa nguvu, zaidi ya asilimia 15 zinabadilisha sura ndani ya miaka 8 hadi 10 ya saa yao. Sio kwasari zote, soma vizuri, ni zile zinazobadilika kwa nguvu. Nimeona watu wanaichukua hiyo namba na kuikata mkia.

Baadaye kidogo kwasari nyingine iliyofifia, J1011+5442, ilipimwa upolarishaji wa mwanga wake, yaani mawimbi yake yamejipanga upande mmoja kiasi gani. Vumbi likiziba taa, mwanga unaotufikia unakuwa umeruka pembeni na unakuja umejipanga. Huu haukujipanga. Pazia likazikwa mara ya pili.

Kilichofanya kazi

Kutunza vitu. Sina namna nyingine ya kulisema. Spektra ya 2000 haikuchukuliwa kwa ajili ya kisa hiki, XMM na Chandra zote zilikuwa kwenye shughuli zake, picha za Stripe 82 watu walizipiga kwa mambo mengine kabisa, na vyote vilikaa wazi kwa yeyote kuvichukua. Ndo maana timu ya pili iliweza kuipinga ya kwanza ndani ya mwaka uleule bila kuomba hata usiku mmoja wa darubini. Ubishi ulioendeshwa kwa faili zilezile ni ubishi mzuri, hakuna wa kumwambia mwenzake hukuwepo.

Eksirei ndo ilikuwa shahidi namba moja, na iliingia kwa bahati. Bila ile ya 2000 na ile ya 2005 tungebaki na spektra za mwanga wa kawaida tu na hoja ya vumbi ingeendelea kupumua kwa miaka.

Kilichoshindikana

Pengo. Kati ya 2000 na 2010 hakuna spektra hata moja ya J0159. Picha zinaonyesha mwanga unavyoshuka lakini picha haikwambii mstari ulipotea lini, ulipotea taratibu au ghafla, ulianza mpana wa beta au yote ilienda pamoja. Kile ambacho kingetenganisha luku na harusi kwa wepesi kilikuwa ndani ya miaka hiyo hasa, na hakirudi tena.

Pia ile tabia ya kuweka lebo na kuondoka. Mwaka 2000 iliandikwa kwasari, na ikishaandikwa hivyo inaingia kwenye orodha kama vile ni kabila lake. Mashine inayosoma spektra za maelfu kwa siku haina muda wa kuuliza hii mwenzangu jana ulikuwaje. Hata baada ya ya pili kupatikana mwaka 2010, hakukuwa na utaratibu wa kawaida wa kuziweka mbili pamoja na kupiga kelele zikikataana, ilisubiri mtu wa eksirei apite na shughuli zake. Sasa hivi mambo yamebadilika, SDSS awamu ya tano inarudia spektra kwa makusudi, na darubini ya Vera Rubin kule Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, imeundwa kuupiga picha mwanga wa anga la kusini tena na tena kwa miaka 10. Ukanda wa ikweta nao umo.

Na kuna kichwa kinachouma hadi leo. Tukisema luku, tunasema chakula kimepungua, sawa, lakini kwa hesabu za vitabuni gesi ya sehemu ya sahani inayotoa mwanga wa kawaida inahitaji maelfu ya miaka kusogea hadi shimoni. Mabadiliko ya miaka saba hayakutakiwa. Ni kama foleni ya mafuta ya kilomita nyingi ambayo inapotea ndani ya sekunde moja. Wapo wanaosema sahani haibadiliki yote, ni sehemu ya ndani kabisa inayobadilika halafu inamulika ya nje, wapo wanaoleta usumaku wa kuharakisha mambo, wapo wanaosema sahani yenyewe sio nyembamba kama tulivyoichora. Kisa cha galaksi nyingine, 1ES 1927+654, kikaongeza chumvi, hicho kiliwaka ghafla kikapata mistari mipana mbele ya macho ya watu, kisha 2018 eksirei yake ikaanguka karibu ipotee kabisa na baadaye ikarudi. Ukiangalia hivyo vyote pamoja unaona sahani yetu ya kitabuni imepwaya.

Kesi ilipo sasa

Kipimo kilichobaki ni chepesi kusema. Nyota ikishararuliwa imeisha, haikusanyiki tena. Kwa hiyo J0159 ikiwaka upya na mistari mipana ikarudi, harusi inakuwa ngumu sana kuitetea, labda useme jirani ana watoto wengi wa kuoza. Ikibaki giza, timu zote mbili zinabaki mezani, manake luku nayo inaweza kukaa muda mrefu bila kununuliwa. Mrk 1018 iliwaka miaka ya 1980, ikakaa hivyo kama miaka thelathini, halafu 2015 ikakutwa imerudi kulekule ilikotoka, aina ya 1.9. Kwa hiyo wenye kusubiri wasubiri na chai, na kila Oktoba inapita pale juu ya Eldoret.